Swali Moja kwenye Kadi ya Kliniki: Jinsi ya Kudai Huduma ya Afya ya Akili kwa Wajawazito na Waliojifungua

Nenda kliniki ya mama na mtoto siku ya kupima uzito, ukae kwenye benchi kwa saa mbili. Mtoto atavuliwa nguo, atawekwa kwenye mizani, atachomwa chanjo, na nukta itatiwa kwenye kadi yake. Mama ataulizwa kama mtoto ananyonya vizuri na kama kitovu kimekauka. Akibahatika, ataulizwa pia kama yeye mwenyewe bado anatoka damu. Kisha, "Haya mama, tarehe ya kurudi ni hii hapa." Hakuna atakayemuuliza kama yeye hupata usingizi mtoto akilala, wala kama kuna asubuhi aliyotamani asiamke. Si kwamba muuguzi ana roho mbaya. Kadi haina pa kuandika jibu hilo, na foleni imefika mlangoni.

Kampeni nyingi za afya ya akili ya mama huanza na fulana na kuishia kwenye fulana. Sizidharau, watu lazima waanze mahali. Lakini mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kitu kibadilike kwenye kliniki ile ile: mama aulizwe, na jibu lake liwe na pa kupelekwa. Vyote viwili kwa pamoja, maana kuuliza bila kuwa na pa kumpeleka ni kumfunua mtu kidonda kisha ukamwambia aende nacho nyumbani.

Hatua ya 1: Jua unazungumzia nini

Swali la kwanza utakaloulizwa ofisini ni hili: "Ugonjwa gani hasa?" Ukibabaika hapo, kikao kimekwisha.

Kuna huzuni ya siku za mwanzo, inayowapata akina mama wengi karibu na siku ya tatu hadi ya tano baada ya kujifungua. Mama analia bila sababu, anacheka, analia tena. Hupita yenyewe ndani ya wiki mbili. Usiiweke kwenye madai yako, kwa sababu ukiichanganya na mengine utajibiwa kuwa hayo ni ya kawaida na yatapita, na aliyekujibu atakuwa na haki.

Kuna sonona, yaani huzuni nzito na kukata tamaa kunakodumu. Hii haipiti kwa wiki mbili, na mara nyingi huanza mimba ikiwa bado tumboni, ndiyo maana dai linaloanzia chumba cha kujifungulia limeshachelewa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu asilimia 10 ya wajawazito na asilimia 13 ya waliojifungua duniani wana tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Kwa nchi zinazoendelea makadirio yake ni asilimia 15.6 wakati wa ujauzito na 19.8 baada ya kujifungua. Hiyo ya mwisho ni kama mama mmoja kati ya watano. Kwenye benchi lako la kliniki, hesabu watano watano.

Kuna wasiwasi uliopindukia: mama anaamka mara kumi usiku kuhakikisha mtoto anapumua, au anajiwa na picha za mtoto akidhurika, picha zinazomtisha yeye mwenyewe na ambazo hathubutu kumsimulia mtu kwa hofu kwamba atanyang'anywa mwana. Wanakampeni wengi huwasahau hawa kwa sababu hawaonekani wana huzuni.

Na kuna saikosisi baada ya kujifungua, ambayo huwapata mama mmoja au wawili katika kila 1,000 wanaojifungua. Inaanza ghafla, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza: mama halali wala hahisi haja ya kulala, maneno yanamtoka kwa kasi, anasikia asivyosikia mwingine, anaamini mambo ya ajabu kumhusu mtoto. Hii ni dharura ya siku hiyo hiyo, sawa na kutokwa damu nyingi. Habari njema, na uiseme kila mahali, ni kwamba wengi wao wakitibiwa mapema hupona vizuri.

Neno moja kuhusu maneno. "Sonona" ni neno la vitabuni; wengine husema mfadhaiko. Ukiliandika peke yake kwenye kipeperushi, wapo watakaodhani ni jina la mdudu. Akina mama husema moyo mzito, sina raha, kichwa kimejaa, nimechoka kuishi. Andika kama wanavyosema wao, kisha jina la kitaalamu lifuate.

Hatua ya 2: Kabla hujatangaza chochote, jiandae kumpokea atakayekuja

Siku utakapoanza kuzungumza hadharani, kuna mama atakuvuta pembeni akuambie anataka kufa. Si jambo la "ikitokea". Kwa hiyo, kabla ya bango la kwanza, kikundi kiwe kimeshaandika kwenye karatasi moja: nani anapigiwa simu, hospitali gani inapokea dharura ya akili usiku, nani anamsindikiza, nani anabaki na mtoto.

Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Humpa nafasi ya kulitua. Usimwache peke yake, na usimwahidi kwamba utaficha siri ambayo itahitaji watu wengine ili aokoke.

Jambo lingine linalosahaulika: katika baadhi ya nchi kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai. Jua sheria ya nchi yako kabla hujaandika jina la mtu yeyote kwenye daftari la kikundi.

Hatua ya 3: Tembea njia ya mama mmoja, kwa miguu

Hapa ndipo kampeni inapopata meno. Mbebe akilini mama mmoja wa kubuni, mwenye mimba ya miezi sita, aliyejibu "ndiyo" alipoulizwa kama amekata tamaa. Sasa mfuate. Muuguzi atamwambia nini? Atamwelekeza kwa nani, chumba gani, siku gani? Huyo mtu yupo kweli siku hiyo? Kuna malipo? Dawa zipo? Na zikiwepo, anayezitoa anajua kipi kinafaa kwa mjamzito au anayenyonyesha, au atamwambia tu aziache zote?

Swali hili la dawa usiliruke. Kuna dawa za sonona zinazotumika wakati wa ujauzito na kunyonyesha chini ya uangalizi wa daktari, na kuacha dawa ghafla kunaweza kumrudisha mgonjwa nyuma vibaya. Wakati huo huo kuna dawa kama valproeti, ya kifafa na ya tatizo la hisia kupanda na kushuka, inayojulikana kumdhuru mtoto tumboni. Mama anahitaji mtu anayejua tofauti hiyo. Kama hayupo, pengo lako la kwanza umelipata.

Piga simu, nenda, subiri kwenye foleni, andika. Safu tatu zinatosha: nilikwenda wapi, niliambiwa nini, tarehe. "Chumba namba 4 kimefungwa, mshauri yuko mafunzoni hadi mwezi ujao" ina nguvu kuliko kurasa kumi za malalamiko, kwa sababu hakuna anayeweza kuibishia.

Ukishazunguka vituo kadhaa, chora ramani. Maternal Mental Health Alliance, muungano wa kutetea afya ya akili ya mama ulioanzishwa Uingereza mwaka 2011, ulifanya hivyo: ukaipaka ramani ya nchi rangi kulingana na huduma iliyopo kila eneo, nyekundu pasipo na kitu, kijani palipokamilika. Ramani ikajaa nyekundu. Mtu mwenye cheo huweza kuvumilia ripoti, lakini kuliona eneo lake limepakwa nyekundu na la jirani kijani, hapo hukosa usingizi. Mwaka 2016 serikali ya huko ilitangaza pauni milioni 365 kwa ajili ya huduma hizi England, na kufikia mwaka 2019 kila eneo la England lilikuwa na huduma maalumu ya aina fulani. Ramani peke yake haikuleta fedha hizo, ila hakuna aliyeweza kusema tena kwamba hakujua.

Hatua ya 4: Chagua dai moja linaloweza kukaguliwa

"Tunataka serikali iipe kipaumbele afya ya akili ya mama." Kila kiongozi atakubali sentensi hiyo, atapiga picha nanyi, na hakuna kitakachobadilika, maana hakuna kinachoweza kupimwa ndani yake.

Linganisha na hili: "Kila mjamzito aulizwe maswali mawili katika hudhurio lake la kwanza, na jibu liandikwe kwenye kadi." Hapo mwaka ukiisha unaweza kufungua kadi ukahesabu.

Maswali yenyewe yapo tayari, huna haja ya kuyatunga. Mwongozo wa tiba wa Uingereza unapendekeza mawili: Je, katika mwezi uliopita umekuwa mara kwa mara ukijisikia mnyonge, mwenye huzuni au aliyekata tamaa? Je, katika mwezi uliopita umekuwa mara kwa mara ukikosa hamu au raha ya kufanya mambo? Jibu la "ndiyo" kwa lolote kati ya hayo linafungua mazungumzo marefu zaidi. Maswali mawili hayachukui dakika mbili. Ukiambiwa hakuna muda, omba uruhusiwe kukaa na saa yako mkononi.

Kipo pia kipimo kirefu kidogo cha Edinburgh, kilichochapishwa mwaka 1987: maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, alama kuanzia 0 hadi 30. Uzuri wake ni kwamba hakihesabu uchovu wa kawaida wa mwenye kichanga kuwa ugonjwa. Swali lake la 10 linagusa kujidhuru, na jibu lolote hapo isipokuwa "kamwe" linadai mama huyo azungumze na mtu siku hiyo hiyo, hata kama jumla ya alama ni ndogo. Alama kubwa haithibitishi ugonjwa. Inasema tu kwamba mama huyu aonwe na mtu anayejua.

Na huyo anayejua ni nani? Hapa ndipo wakubwa hukunja mikono: "Hatuna madaktari wa akili." Jibu lako ni Pakistan. Huko, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, wahudumu wa afya wa jamii, wanawake wa kawaida wanaotembelea nyumba, walifundishwa njia rahisi ya kuzungumza na wajawazito wenye sonona na kuwasaidia kubadili mawazo yanayowalemea. Wanawake 903 walishiriki. Miezi sita baada ya kujifungua, waliobaki na sonona kubwa miongoni mwa waliotembelewa na wahudumu waliofundishwa walikuwa asilimia 23; miongoni mwa waliotembelewa na wahudumu wasiofundishwa, asilimia 53. Shirika la Afya Duniani baadaye lilitoa kitabu cha kufundishia njia hiyo. Zimbabwe nao, tangu mwaka 2006, wana benchi la urafiki la daktari Dixon Chibanda, ambapo bibi waliofundishwa huwasikiliza wagonjwa wenye mawazo mazito kwenye uwanja wa kliniki. Halikuanzishwa kwa ajili ya wajawazito peke yao, ila linajibu hoja ile ile ya uhaba wa wataalamu.

Kwa hiyo dai lako liwe na miguu miwili: swali, na mtu aliyefundishwa kupokea jibu. Mguu mmoja ukikatwa kwenye majadiliano, usikubali.

Kama mazingira yenu ni magumu kiasi kwamba hata hilo ni kubwa, anzeni na dai lisilogharimu karibu chochote: mama aliyepoteza mtoto asilazwe kitanda cha jirani na wenye vichanga. Anayetaka kujua kwa nini, na akalale usiku mmoja wodini akisikiliza watoto wa wenzake wakilia huku maziwa yanamtoka.

Hatua ya 5: Kusanya watu, na walinde

Unahitaji watu wa aina tatu. Mama aliyepitia. Muuguzi au mkunga anayefanya kazi humo ndani. Mtu anayeweza kusoma bajeti bila kusinzia.

Mkunga asionekane kama mshtakiwa. Wengi wao wanaona wanachokiona na hulala nacho. Baadhi yao wamepitia wenyewe. Ukimwendea kwa "mnawapuuza akina mama," amekuwa adui. Ukimuuliza, "Dada, mama akianza kulia hapa, wewe unafanyaje?" atakuambia mambo ambayo hayapo kwenye ripoti yoyote.

Kuhusu simulizi za akina mama nitakuwa mkali, kwa sababu hapa ndipo kampeni huumiza wale inaowatetea. Nimeshuhudia mama akisimamishwa jukwaani wiki chache tu baada ya kutoka hospitali, analia, ukumbi unapiga makofi, na jioni anarudi nyumbani peke yake kwa mume ambaye hakujua lolote. Usifanye hivyo. Anayesimulia awe amepona kiasi cha kuweza kusimulia bila kubomoka. Achague mwenyewe sehemu za kusema. Mwandishi wa habari akija, mama aone maswali mapema. Jina na picha visitoke bila ridhaa yake, na aambiwe waziwazi kwamba kilichowekwa mtandaoni hakirudi. Mtoto atakua na ataisoma habari hiyo. Mama alifikirie hilo. Akibadili nia asubuhi ya siku yenyewe, mpeni soda na mumshukuru.

Simulizi ikihusu kifo cha kujiua, njia iliyotumika isitajwe kabisa. Wanaosikiliza wapo walio ukingoni.

Msisahau wasioalikwa kwenye vikundi vya akina mama: wasichana waliojifungua wakiwa bado shuleni, wanaopigwa nyumbani, waliopoteza mimba, wanaoishi na VVU. Hatari kwao ni kubwa zaidi na sauti yao ndiyo ndogo.

Hatua ya 6: Hesabu

Fupi tu. Mwenye bajeti husikiliza huruma kwa sikio moja na gharama kwa lingine. Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walikadiria kuwa matatizo haya yasipotibiwa hugharimu pauni bilioni 8.1 kwa watoto wanaozaliwa ndani ya kila mwaka mmoja nchini humo, na karibu robo tatu ya gharama hiyo inatokana na athari kwa mtoto, si kwa mama. Usizipachike takwimu za nchi nyingine kama zenu. Chukua muundo wake: hesabu siku za kulazwa, watoto wanaorudi na utapiamlo, siku za kliniki zilizokosekana, kisha weka kando gharama ya kufundisha wauguzi sita.

Hatua ya 7: Mtafute mwenye kalamu

Waziri anaweza kuwa mbali, na huenda humhitaji. Maswali mawili kwenye kliniki moja yanaweza kuidhinishwa na mkuu wa hospitali. Kubadili kadi ya kitaifa kunahitaji wizara. Wahudumu wapya wanahitaji wanaopitisha bajeti. Anzia kwa wa chini kabisa mwenye uwezo wa kusema ndiyo.

Barua iwe ya ukurasa mmoja, kama hivi:

"Tunaomba mambo mawili katika kliniki yenu. Kwanza, kila mama aulizwe maswali haya mawili katika hudhurio la kwanza la ujauzito na tena wiki ya sita baada ya kujifungua. Pili, katika kila zamu awepo muuguzi mmoja aliyefundishwa kuzungumza na anayejibu ndiyo, na jina la anayepokea rufaa libandikwe ukutani. Tunaomba majaribio ya miezi mitatu. Tumeambatanisha tuliyoyaona tulipotembelea vituo saba. Tutashukuru kupata nafasi ya kuonana nanyi kwa dakika ishirini."

Kikaoni nendeni watatu, kila mmoja na sehemu yake. Mtaambiwa, "Akina mama wetu ni imara." Mwacheni mama ajibu hilo, asijibu mtu mwingine. Msitoke bila jina la mhusika na tarehe, na jioni hiyo hiyo mtume ujumbe wa shukrani unaorudia mliyokubaliana. Ujumbe huo ndio kumbukumbu yenu mkubwa huyo akihamishwa, na atahamishwa.

Ipo pia siku ya dunia ya afya ya akili ya mama, Jumatano ya kwanza ya Mei. Itumieni kutangaza matokeo au kumbana aliyeahidi. Kama hamna cha kutangaza, ipiteni.

Hatua ya 8: Wakikubali, kazi ndiyo inaanza

Carol Blocker wa Chicago alimpoteza binti yake Melanie mwaka 2001: alijiua akiwa na saikosisi, miezi michache baada ya kujifungua. Mama huyo alianza kubisha hodi kwa wabunge. Muswada kuhusu sonona baada ya kujifungua, wenye jina la binti yake, uliwasilishwa mwaka huo huo, ukakwama, ukarudishwa, ukakwama tena. Masharti yake yaliingia kwenye sheria ya afya ya Marekani mwaka 2010. Miaka tisa. Pangeni nguvu zenu kwa kipimo hicho: zamu za uongozi, mapumziko, mtu wa kushika daftari mwingine anapouguza.

Na sheria au waraka ukitoka, angalieni kama una fungu la fedha. Waraka usio na fungu ni salamu. Ulizeni mafunzo yamefanyika lini, waliofundishwa ni wangapi bado wapo kituoni, dawa zimekosekana wiki ngapi.

Kisha baada ya miezi mitatu rudini kliniki, kwa ruhusa. Ombeni muuguzi atoe kadi hamsini bila majina na mhesabu mambo matatu: ngapi zina jibu, ngapi zina "ndiyo", na kati ya hizo ngapi zina maandishi ya aliyempokea mama. Mkikuta kadi zote hamsini zimejibiwa "hapana", msishangilie. Muuguzi anajaza bila kuuliza, au anauliza mama mkwe akiwa amesimama pale pale. Rudini mkaongee naye, na mwombe pazia.